Tufungulieni Daftari la Uwanja

Kwa Meneja wa Jiji, Meya na Wajumbe wote wa Baraza la Jiji la Worcester, Massachusetts

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayohesabia pesa, na barua yenyewe ni ya pesa: zile za Polar Park, uwanja wa besiboli wa jiji letu. Vilevile nataka majirani zangu waisome kabla yenu: Wakenya wenzangu, Wakongo, Warundi, watu tunaokutana kanisani, kwenye basi na kwenye korido za wagonjwa saa tisa za usiku. Nikikosea jambo, wao watanirekebisha mapema. Tafsiri ya Kiingereza nitaikabidhi kwa karani wa jiji pamoja na hii.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na mwaka huu natimiza miaka 14 nikiishi Worcester. Natoka kazini saa moja asubuhi. Basi hunishusha Union Station, nami badala ya kusubiri la pili huteremka kwa miguu na Green Street hadi Kelley Square, nikapita kando ya Polar Park. Ikiwa jana yake kulikuwa na mechi, nawakuta watu wa usafi bado wako kazini. Maganda ya karanga na ya mbegu za alizeti yamelala chini ya viti, na mtu mmoja anayapuliza kwa mashine aliyoibeba mgongoni, safu baada ya safu, akishuka ngazi polepole. Mwenzake anamfuata na fagio na mfuko. Nyuma yao nyasi zimekatwa kwa mistari, kijani kilichokolea na kijani kilichofifia, na bado zina umande. Gari moshi la mizigo likipita, wote wawili husimama kidogo maana hawasikiani. Mimi nami husimama. Asubuhi nilizosimama pale ni nyingi kuliko mechi nilizotazama.

Nayasema haya mapema ili pasiwe na shaka: uwanja huu naupenda. Nilipokuwa shule ya msingi kule Nyeri tulicheza raunda, sisi wasichana, kwa gongo la mti wa mpera, na mwalimu akituchorea vituo vinne kwa majivu. Mwanangu Baraka alipoanza kunifafanulia besiboli nilimwambia asijichoshe, mchezo huo mama yake aliucheza kabla yake. Tumekaa naye kwenye nyasi zile ambapo tiketi ni nafuu, tumeshangilia hadi sauti zikakauka. Kuna jioni moja mpira uliruka nje ya mstari ukamwangukia miguuni. Alilala nao wiki nzima. Anayetafuta mtu wa kusema uwanja ubomolewe asinitafute mimi.

Ninachoomba ni hesabu.

Wengi wenu hamkuwa kwenye viti hivyo mwezi Agosti 2018, lakini deni halijali nani ameondoka na nani ameingia. Siku ile viongozi wa jiji walisimama na marehemu Larry Lucchino, mwenyekiti wa klabu, wakatangaza kwamba timu ya Boston Red Sox ya Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, inahama Pawtucket, Rhode Island, na kuja kwetu. Mwezi uliofuata baraza likaidhinisha mkopo. Ahadi tuliyopewa ilirudiwa mara nyingi hadi tukaikariri: uwanja utajilipia wenyewe.

Nilichukua muda kuelewa utajilipia vipi. Jiji linakopa kwa kuuza hatifungani za miongo mitatu. Kisha linachora mstari kuzunguka uwanja na viwanja vya jirani. Majengo mapya yakisimama ndani ya mstari huo, ushuru wake wa majengo hauendi kwenye mfuko wa kawaida unaolipa walimu, wazimamoto na watu wa kuondoa theluji. Unakwenda kulipa deni la uwanja, ukisaidiwa na kodi ya pango inayolipwa na klabu na pesa za maegesho. Kwa hiyo uwanja wenyewe hauzai pesa za kutosha, unategemewa uvutie majengo, na majengo ndiyo yalipe. Nilipowaeleza hivyo wanachama wenzangu wa chama chetu, dada mmoja mwenye duka la vitambaa aliweka kikombe chini akauliza, “Na majengo yasipoota?”

Naomba niwaambie kuhusu chama hicho, kwa sababu ndicho kilichonipa ujasiri wa kuwaandikia. Tuko wanawake 16. Kila mwezi kila mmoja anatoa dola 100, na zamu inazunguka. Daftari letu ni lile gumu, jeusi lenye mgongo mwekundu, ambalo mtu yeyote aliyesoma Kenya analijua; mweka hazina alilileta kutoka Nyeri ndani ya sanduku la nguo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi analifungua katikati ya meza kabla chai haijamiminwa. Majina upande wa kushoto, tarehe juu, na kila mtu anaweka kidole kwenye mstari wake. Mwaka juzi zilipungua dola 40. Hakuna aliyemtuhumu mwenzake, lakini pia hakuna aliyeinuka. Chapati zilipoa. Tulipitia risiti moja moja mpaka tukazipata: ilikuwa unga na mafuta ya kupikia ya matanga ya mama wa mwenzetu, yalinunuliwa na hayakuandikwa. Yakaandikwa, tukala.

Dola 40, waheshimiwa. Uwanja ni mamilioni.

Turudi kwenye tarakimu hizo. Mwaka 2018 uwanja ulikadiriwa kugharimu chini kidogo ya dola milioni 90, na mpango mzima wa mkopo ulitajwa kuwa takriban milioni 100, sehemu yake ikirudishwa na klabu kidogo kidogo. Eneo lenyewe lilikuwa la kiwanda cha Wyman-Gordon, watu waliofua vyuma katika jiji hili tangu 1883, na ardhi yake ilikuwa na mteremko na mabaki ya kazi ya zaidi ya karne. Kisha korona ikaingia katikati ya ujenzi. Kufikia siku milango ilipofunguliwa, Mei 11, 2021, gharama ilikuwa imekaribia milioni 160. Kabla yake hapakuwa na uwanja wa ligi ndogo Marekani uliogharimu kiasi hicho. Klabu iliongeza mchango wake, na hilo nalitaja kwa haki. Lakini jiji nalo liliongeza mkopo, na majengo yaliyotarajiwa kulipa mkopo mdogo sasa yanatarajiwa kulipa mkubwa.

Najua mlitafuta ushauri. Jiji lilimchukua Andrew Zimbalist wa Chuo cha Smith, mchumi aliyejulikana kwa kuwaonya watu dhidi ya mikataba ya viwanja, naye akaona huu wa Worcester unaweza kusimama. Hapa hapa mjini, juu ya kilima cha Chuo cha Holy Cross, kuna mchumi Victor Matheson, ambaye kwa miaka mingi amefundisha na kuandika kwamba viwanja vya michezo kwa kawaida havirudishi pesa za umma zinazowekwa ndani yake. Wasomi wawili, wote waliobobea katika jambo moja, wamelitazama jiji moja. Mimi siwezi kuwaamua kwa vitabu. Ninachoweza ni kuomba nionyeshwe kilichoingia na kilichotoka, mwaka kwa mwaka, ili mwenye macho aone mwenyewe nani alikuwa karibu na ukweli.

Hapa kuna jambo ambalo wenzangu wa zamu ya mchana huwa hawalifikirii. Timu ya Triple-A inacheza nyumbani mechi 75 kwa mwaka. Zaidi ya hapo kuna matamasha, mahafali na mechi za wanafunzi, lakini bado siku nyingi za mwaka, hasa Novemba hadi Machi, uwanja umelala. Mimi naupita siku hizo pia. Theluji imefunika viti na hakuna anayekanyaga pale. Mwenye mgahawa wa jirani hawezi kulipa mpishi kwa mechi 75. Anahitaji watu wanaoishi hapo, wanaoshuka kununua supu siku ya baridi. Ndiyo maana suala la majengo, ni ya nani na ni ya bei gani, ndilo suala lenyewe. Besiboli ni tarumbeta ya kuita watu. Wakishafika wanahitaji mahali pa kulala.

Na hapo nawapa haki yenu. Kelley Square ilikuwa balaa. Nilipofika Worcester, mitaa ilikuwa inamwagikia pale kutoka kila upande bila taa hata moja, na ilikuwa miongoni mwa njia panda zenye ajali nyingi zaidi katika jimbo zima. Nilivuka pale kila siku nikiwa na mimba ya Baraka, nikiomba. Serikali ya jimbo ilileta pesa kwa sababu uwanja ulikuwa unakuja, na leo kuna raundabauti yenye umbo la karanga ambayo hata mzee wa miaka 80 anaweza kuivuka. Bila uwanja sijui tungesubiri hadi lini. Nyumba za kupangisha zimesimama Green Street na pale upande wa pili wa uwanja. Kiwanda cha pai cha Table Talk kimehama, na harufu ya sukari na tufaha iliyonipokea asubuhi nikitoka kazini haipo tena. Naikumbuka, lakini naelewa kwamba mji hauwezi kukaa pale pale.

Hata hivyo hoteli na ofisi za kwenye michoro ya 2018 hazikuja kama zilivyochorwa. Baada ya korona, watu wa ofisi wamebaki majumbani kwao na mipango ikabadilishwa. Hilo halikuwa kosa la mtu yeyote. Lakini hatifungani hazikusubiri. Riba inalipwa kwa tarehe yake, majengo yawe yamesimama au bado ni michoro. Kila pengo linapotokea, kuna mfuko unaoliziba, na mwananchi ana haki ya kujua ni mfuko gani, na zilizotolewa humo zilikuwa za kufanyia nini.

Kuna njia moja ya kuziba pengo ambayo naiogopa kuliko nyingine, kwa sababu haionekani. Ni kuusogeza ule mstari. Ukiusogeza mbele mtaa mmoja, ukaingiza jengo ambalo lingejengwa hata kama besiboli isingekuja, karatasi inaonyesha kwamba uwanja unajilipia. Kumbe ushuru wa jengo lile ungekwenda kwenye mfuko wa kawaida, kwa shule ya Baraka, kwa bwawa la kuogelea la Crompton Park ambako watoto wa mtaa wa Green Island hupoza mwili mwezi Julai. Kwenye chama tungesema umechukua mchango wa mwezi ujao kulipia mwezi uliopita. Kila mara mstari unaposogezwa, uwe umesogezwa jana au utasogezwa kesho, tuambieni mfuko wa kawaida umekosa kiasi gani. Na mkimpunguzia mjenzi ushuru ndani ya mstari ule ule ambao ushuru wake ndio unaolipa deni, tuonyesheni mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja, yakiwa yamekaa pamoja.

Pengine mtasema nina hofu ya bure. Nawaomba mtazame upande wa chini wa mto. Mto Blackstone unaanzia hapa kwetu na kuteremka hadi Pawtucket. Mji ule uliishi na timu hii tangu 1970, miaka 50. Uwanja wao wa McCoy ulifunguliwa 1942, na humo ndimo ulimochezwa mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya besiboli ya kulipwa. Mchezo wa kawaida una awamu tisa. Ule wa Aprili 1981 ulikwenda awamu 32, usiku wa baridi kali, hadi ukasimamishwa baada ya saa kumi za alfajiri. Watazamaji waliobaki walikuwa 19. Timu zilirudi mwezi Juni zikacheza awamu moja tu, ya 33, Pawtucket wakashinda. Nafikiri sana juu ya wale 19. Mimi nafanya kazi saa hizo, najua baridi ya saa kumi alfajiri inavyoingia kwenye mifupa, na najua mtu hakai pale mpaka awe anaamini kwamba kitu kile ni chake.

Klabu iliomba uwanja mpya. Wanasiasa wa Rhode Island walijadiliana, wakapunguza hatari ya mlipa ushuru, na klabu ikaona masharti ya Worcester ni bora. Msimu wa 2020 ulipaswa kuwa wa kuagana, korona ikaufuta, timu ikaondoka bila mechi hata moja ya kwaheri. McCoy umebomolewa kupisha shule ya sekondari. Kilichokuwa furaha yetu kilikuwa kilio cha mtu mwingine, na tulikijua wakati ule.

Naleta hadithi hiyo kwa sababu klabu iliyoondoka baada ya miaka 50 inaweza kuondoka tena. Mwishoni mwa 2023 wenye klabu waliafikiana kuuza umiliki mkubwa kwa Diamond Baseball Holdings, kampuni yenye klabu nyingi za ligi ndogo nchi nzima. Sina neno baya nao. Lakini wamiliki wa sasa hawakutoa ile ahadi ya 2018, na faida ikipatikana haina lazima ya kulala Worcester. Jirani zetu wa Lowell, ambako pia kuna Wakenya wengi, walikuwa na timu yao, Lowell Spinners. Ligi kuu ilipopunguza timu za chini kutoka 160 hadi 120 baada ya msimu wa 2020, Lowell ikaachwa. Hakuna aliyewauliza. Hata sisi wenyewe tulikuwa na timu ya ligi kuu kuanzia 1880, na Juni mwaka huo kijana Lee Richmond alirusha hapa mchezo wa kwanza mkamilifu katika historia ya ligi kuu, bila mpigaji hata mmoja wa Cleveland kufika kituo cha kwanza. Baada ya msimu wa 1882 timu ile haikuwepo tena. Mkataba wa sasa una miaka mingi mbele, namshukuru Mungu, lakini nguvu ya jiji ni kubwa wakati huu ambapo uwanja ni mpya na watu wanaujaza. Itumieni sasa.

Wazee ninaowatunza usiku wana kumbukumbu ndefu. Mmoja, bibi wa asili ya Kipolandi aliyezaliwa Green Island, hunihadithia usingizi ukimkataa. Anakumbuka barabara kuu ya I-290 ilivyopita juu ya mtaa wao. Anakumbuka mwaka 1971, jengo kubwa la maduka lilipofunguliwa katikati ya jiji, wakaambiwa ndio uhai mpya wa Worcester. Mitaa mizima ilikuwa imebomolewa kulipisha. Alinunua viatu vya harusi ya bintiye mle. Kufikia 2006 lilikuwa limefungwa, na baadaye likabomolewa nalo, na barabara zilizozibwa zikaanza kufunguliwa upya. “Kila miaka 20 wanatuokoa,” aliniambia, akanishika mkono. Sikuwa na jibu. Nilimgeuza upande wa pili nikamfunika.

Sasa niseme langu. Mwaka 2018 nilikuwa napanga ghorofa ya pili ya nyumba ya mbao ya ghorofa tatu, hatua chache kutoka Crompton Park. Vyumba vitatu, dola 1,150 kwa mwezi. Chini alikaa mzee wa Kivietinamu aliyepanda mnanaa kwenye ndoo, juu familia ya Ghana. Baada ya uwanja kufunguliwa nyumba iliuzwa, kisha ikauzwa tena. Barua ya mwenye nyumba mpya ilikuwa na aya mbili tu: kuanzia mwezi wa tisa kodi ni dola 2,000. Tulihama sote ndani ya miezi miwili. Ndoo za mnanaa zilibaki kwenye kibaraza, nikaenda kuzimwagilia mara mbili nikitoka kazini, halafu nikaacha. Leo niko Vernon Hill, vyumba viwili, na Baraka analala sebuleni.

Sitaupa uwanja lawama yote. Kodi za nyumba zimepanda Massachusetts nzima, hata mahali pasipo na mpira wowote. Lakini mlipochora ule mstari mlikuwa mnatangaza kwamba mnataka thamani ya ardhi ipande pale. Huo ndio mpango wenyewe, bila thamani kupanda deni halilipiki. Basi aliyepanga ardhi ipande bei anapaswa kuwa amepanga pia watu waliokuwa juu ya ardhi hiyo watakwenda wapi. Mwaka 2023 mlipitisha kanuni ya kuwataka wajenzi watenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini, na ni hatua njema. Lakini kipimo kikuu ni asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo hili. Kodi inayopangwa kwa kipimo hicho hulipwa na mtu mwenye mshahara mkubwa kuliko wangu, na mkubwa sana kuliko wa yule anayepuliza maganda chini ya viti. Katika viwanja vilivyobaki kando ya Polar Park, hasa vile ambavyo mjenzi anakuja kwenu kuomba nafuu ya ushuru, mna uwezo wa kudai zaidi. Daini nyumba ambazo mfagiaji wa uwanja anaweza kupanga, akatoka mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na kufika kazini kwa miguu.

Kuhusu daftari, ninachoomba ni kitu cha ukurasa mmoja. Kila majira ya kuchipua, kabla hamjapitisha bajeti, andikeni: mwaka huu tulidaiwa kiasi hiki kwa ajili ya uwanja. Klabu ililipa hiki. Maegesho yalileta hiki. Jengo hili lilileta hiki, na lile, na lile, kwa anwani zake. Pengo ni hili, na limezibwa na mfuko huu. Najua zipo ripoti za fedha, nimezifungua kwenye simu yangu nikiwa mapumzikoni, kurasa mamia, na uwanja umetawanyika humo kama punje kwenye mchanga. Mtu anayejua kutunza daftari la chama hashindwi kusoma hesabu, ila hawezi kusoma kilichofichwa na wingi. Uchapisheni ukurasa huo kwa Kihispania, Kireno, Kivietinamu, Kitwi, Kiarabu na Kiswahili. Cha Kiswahili nitakitafsiri mwenyewe bila malipo, na kuna walimu wawili kwenye chama chetu watakaokipitia.

Na jingine dogo. Nembo ya klabu ina ule uso unaotabasamu, umeshika gongo. Harvey Ball aliuchora hapa Worcester mwaka 1963 kwa ajili ya kampuni ya bima, akalipwa dola 45, na hakujiandikishia haki yoyote juu yake. Dunia nzima imeutumia na kutajirika nao. Baraka ana kofia yenye uso huo, haivui hata mezani. Ninapoitazama nakumbuka kwamba jiji hili limewahi kutoa kitu cha thamani kubwa bila kuandika mkataba wa maana, na sitaki mwanangu aje alipe ushuru wake wa kwanza kwa kosa la aina ile ile.

Kikao chenu ni Jumanne jioni. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Tutakuja watano, na mweka hazina wetu atakuwa na lile daftari jeusi lenye mgongo mwekundu. Nitaomba lipokelewe mezani kwa dakika zangu chache za kuzungumza, lifunguliwe ukurasa wa mwezi zilipopungua zile dola 40, ili muone jinsi kalamu ilivyoandika: unga, mafuta, tarehe, sahihi mbili.

Wenu kwa heshima,

Mama Baraka
Vernon Hill, Worcester